Mwana wa Mpanga Zamu

Jattani Halake hakumpenda mtu yeyote kabla ya saa nne asubuhi, na baada ya saa nne aliwapenda wageni peke yao, kwa kuwa ndio waliomweka kazini. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Septemba, alivaa shati la kaki lenye picha ya ndoo kifuani, akashika kipaza sauti cha mkononi, akawaelezea watu habari za visima vya kale vya Ela Dima. Miezi minane iliyobaki alikuwa mtu wa mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, kama wengine: leo anachimba choo cha huyu, kesho anapakia mbuzi wa yule kwenye lori, kesho kutwa anagombana na mwenye nyumba.

Shirika lililozungushia visima hivyo seng'enge halikuwa na haja naye mvua ikinyesha. Barabara hugeuka tope na mabasi hayafiki. Kwa hiyo wakati Isiolo nzima inaombea mvua, misikitini na makanisani, Jattani aliombea kiangazi kirefu, na wala hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

"Mvua ni yenu," aliwaambia majirani. "Mimi sina hata mbuzi moja ya kunywesha."

Alikuwa na mifugo zamani. Ng'ombe wake walikwisha katika ule ukame wa miaka mitatu mfululizo, na wa mwisho alimchuna ngozi mwenyewe huku akimtukana kwa kukubali kufa. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za mifugo. Mtu akianza kumwambia malisho yako wapi, yeye hutazama simu.

Kitu kimoja tu kilimbakia kutoka maisha yale, nacho si cha kushika mkononi. Baba yake, mzee Halake, alikuwa mpanga zamu wa Ela Dima, yule Waborana wanayemwita aba herega. Aliketi mdomoni mwa kisima na fimbo yake, akasema nani ananywesha leo na nani asubiri kesho. Hakuandika popote, na hakuna aliyembishia. Sheria ya mahali pale ni kwamba neno la mpanga zamu, likisemwa kisimani watu wakisikia, limesimama. Na haliondolewi ila pale pale, mbele ya yule lililomhusu. Mzee alipofariki, haki hiyo ikamwangukia Jattani. Ilikuwa haki isiyo na kazi, maana kisima kilishatiwa geti na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Gaceri, msimamizi wa shirika. Lakini watu walijua ni yake, kama wanavyojua kiwanja ni cha nani hata nyumba ikishabomoka.

Jattani hakuacha kitu kiozee bure. Alipopelekwa semina ya waelezaji na kuambiwa ajitie ndani ya hadithi, alirudi na sentensi moja iliyomlisha misimu mitano: "Baba yangu aliketi hapa." Akisema hivyo huliwekea mkono jiwe lililolainishwa na makalio ya mzee, na wageni hunyamaza. Wengine hufuta macho. Waelezaji wenzake walikuwa na vyeti vikubwa kuliko chake na Kiingereza cha kunyooka, lakini hakuna aliyekuwa na baba wa kuweka juu ya jiwe. Ndiyo maana kila Juni Gaceri alimpigia simu yeye.

Maonyesho yalikuwa mawili kwa siku. Wanaume wanne walioongozwa na Huqa, mtu mfupi, mkimya, mwenye mabega ya kubeba dunia, walishuka kisimani, wakasimama kila mmoja kwenye ngazi yake ya jiwe, wakapitishiana ndoo za ngozi kutoka chini hadi juu huku wakiimba. Maji yalimiminwa kwenye birika refu la udongo. Wageni waliyagusa, wakapiga picha, wakapiga makofi, wakapanda basi. Basi likiondoka, Huqa huchomoa kizibo cha birika, na maji yote hurudi kisimani kwa bomba. Hakuna ng'ombe aliyeyanywa. Huqa alizoea kuifanya kazi hiyo ameangalia pembeni, kama mtu anayemvua nguo mzee mgonjwa.

Msimu wa kwanza Huqa na wenzake waligombana sana juu ya hilo. Gaceri akawaonyesha alama nyeupe ukutani mwa kisima: maji yakishuka chini yake, udongo unakauka, unapasuka, kuta zinaanguka. Na si maneno matupu. Mwaka uliotangulia msimu huo alimhurumia mfugaji mmoja akamfungulia, na kabla ya adhuhuri makundi matatu mengine yalikuwa getini. Ukingo ukabomoka, mtu akavunjika mguu. Tangu hapo alisema hapana kwa kila mtu. Gaceri hakuwa mtu mbaya, nalo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia, ingawa Jattani alijitahidi.

Basi ikafika Agosti, jua la kuchoma kisogo, na walimu thelathini kutoka Nyeri wamevaa kofia zinazofanana. Jattani alikuwa moto siku hiyo. Wiki ile Gaceri alikuwa anapanga majina ya msimu ujao, na kulikuwa na uvumi kwamba mwelezaji mmoja ataachwa. Aliruka juu ya jiwe la baba yake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akainua kipaza sauti.

"Kwa sheria ya kisima hiki," alisema, "mwenye kiu hapangi foleni. Anakunywa, ng'ombe wake wanakunywa, ndipo anaulizwa jina. Mimi mwana wa Halake nawaambia: Ela Dima haijawahi kumfukuza mtu!"

Walimu walipiga makofi na vigelegele. Makofi yalipotulia, sauti ikatoka nyuma yao, upande wa seng'enge.

"Salaam aleikum. Nimesikia. Fungua basi."

Alikuwa mzee mwembamba, kilemba kimejaa vumbi, na nyuma yake ng'ombe kama thelathini wamesimama vichwa chini, ndimi zimekauka. Jina lake Umuro, na alikuwa siku tisa njiani kutoka Sericho, ambako visima vilikuwa vimebaki matope. Wanyama walikuwa wamenusa maji ya birika. Mmoja alikuwa akilamba waya wa seng'enge.

Gaceri alimsogelea Jattani asisikiwe na wageni. "Hiyo geti haifunguliwi. Unajua kwa nini. Ongea na yeye vizuri, aende. Na ufanye haraka, watu wananiangalia."

"Sawa, madam."

Jattani alikwenda kwenye seng'enge na tabasamu lake la kazi. "Aleikum salaam, mzee. Pole na safari. Hiyo nilisema ilikuwa maelezo ya wageni tu. Ni hadithi."

"Ulikuwa umesimama wapi ukisema?"

"Hapo kisimani."

"Watu walikuwa hapo?"

"Mzee, hao ni walimu ya Nyeri!"

"Nyeri hakuna masikio?" Umuro alimwangalia shati, akaishia kwenye ile picha ya ndoo. "Mimi nilinywesha hapa nikiwa mdogo kama fimbo. Baba yako alinipatia zamu yangu, na hakunijua. Wewe kijana ya Halake umesema maneno kwa mdomo ya kisima. Mimi nimeshika hiyo maneno."

"Maji si yangu. Ni ya shirika."

"Maji sikuuliza. Nimeuliza neno." Mzee hakupandisha sauti. "Kama kisima imefungwa, hakuna shida. Enda pale ulikuwa, useme imefungwa, kwa Kiborana, sisi wote tukisikia. Nyuma yangu iko watu wa familia tatu wanakuja. Nitawarudisha wasikufe bure."

Hapo ndipo Jattani angeweza kunyamaza. Mtu anaweza kuangalia chini, akasema mzee nisamehe, akala aibu yake, na jua likazama kama kawaida. Lakini alikuwa na hasira. Alimkasirikia mzee kwa kumwita kijana, walimu kwa kuinua simu zao kumrekodi, na Gaceri aliyekuwa akigonga saa yake kwa kidole. Zaidi ya wote aliwakasirikia wale ng'ombe, waliosimama vile vile walivyosimama wake siku za mwisho, bila kulalamika. Akageuka, akarudi kwenye jiwe, akasema kwa Kiborana, kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa juu na waliokuwa chini:

"Mimi mwana wa Halake nasema kisima hiki kimefungwa."

Kule chini wimbo ulikatika katikati ya neno. Umuro aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa risiti, akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wake kuelekea kijiji cha Ngaremara. Ilichukua muda mrefu, maana hawakutaka kuondoka, na ilibidi awapige. Walimu wakauliza wamesemaje. Jattani akawaambia wametakiana heri ya safari.

Saa tisa lilikuja basi la pili. Jattani aliwapanga wageni kivulini, akasafisha koo, akamwashiria Huqa waanze. Huqa alikuwa ameketi ukingoni na wenzake watatu, wamevaa suruali zao za kwendea nyumbani. Ndoo zilikuwa zimefunikwa kifudifudi.

"Nini hii?" Gaceri aliuliza.

"Kisima imefungwa, madam," Huqa alisema.

"Imefungwa na nani? Funguo niko nayo mimi!"

Huqa alimwangalia Jattani, na wale watatu wakamwangalia Jattani. Wakati mwingine wowote Jattani angecheka. Aliwaambia ni upuuzi, ilikuwa njia ya kumwondoa mzee tu, washuke wafanye kazi. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha Ado, mdogo wao, akasema mama yake angemuua akisikia ameteka maji kutoka kisima kilichofungwa na mwenyewe.

"Fungua basi!" Gaceri alimpigia kelele Jattani. "Si ni maneno? Sema mengine!"

"Haifunguliwi hivyo, madam." Jattani alionyesha kwa kidole upande wa Ngaremara. "Lazima yule mzee akuwe hapa. Na ng'ombe yake wanywe."

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kimevaa kofia ya shirika. Gaceri hakuelewa vizuri, lakini alielewa birika tupu. Aliwarudisha wageni kwa kisingizio cha matengenezo, akamwita Jattani pembeni. "Kesho kutwa niko na mabasi tatu. Kama hakuna maji kwa birika, nafunga msimu. Watu wote wataenda nyumbani. Na wewe hata usingoje simu yangu mwaka ujao, wala mwingine."

Cha kumpeleka Ngaremara kumrudisha mzee kilikuwa pikipiki ya shirika, na hata hiyo Gaceri alimpa ufunguo bila kumtazama. Asubuhi iliyofuata akaondoka. Njia ya ng'ombe ilikuwa wazi kwenye vumbi. Alipofika kwenye korongo la mawe meusi aliwakuta ng'ombe wawili wamelala. Mmoja alishakufa. Mwingine alikuwa na jicho moja wazi, na ndama wake amesimama juu yake akisukuma kiwele kwa pua. Jattani alizima pikipiki. Halafu akamfunga ndama mbele yake juu ya tangi, akaendelea, kwa kuwa hakujua la kufanya na huyo mwingine.

Ngaremara aliwakuta kwenye birika la kijiji, kando ya barabara kuu. Mwanamke Mturkana, Nakuam, mwuza makaa aliyekabidhiwa ufunguo wa bomba, alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki akiwatazama ng'ombe wa Mborana wakinywa. Kwa miaka ya karibuni watu wa hizi pande mbili walikuwa wakiangaliana kwa jicho baya juu ya malisho, na Nakuam hakujifanya vingine.

"Nimewapatia maji kwa sababu wanakufa," alimwambia Jattani kabla hajaulizwa. "Kesho waondoke. Huyo ndama ni yenu? Mteremshe basi, unangoja nini!"

Umuro alimpokea ndama, akampeleka kwenye maji, akangoja ashibe. Ndipo akarudi akasimama mbele ya Jattani.

"Mama yake?"

"Amelala, mzee."

"Na ile nyeusi?"

"Amekufa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Jattani akaanza kueleza: kwamba kazi ni ngumu kupata, kwamba Gaceri, kwamba walimu, kwamba hasira. Aliongea Kiborana sasa, na katika lugha hiyo kila kisingizio kilisikika kibovu zaidi. Mwishowe akasema alichofuata: arudi, ng'ombe wake wanywe, kisima kifunguliwe.

"Wewe unataka kisima au unataka kazi?" Umuro aliuliza.

Jattani alifikiria kudanganya, akachoka kabla ya kuanza. "Kazi."

"Angalau hiyo ni kweli." Mzee alikaa chini, akavua kiatu kimoja, akatoa mwiba. "Mimi kwa shida yangu singerudi. Hata ningekunywa mkojo. Lakini wale wa nyuma wako njiani, na huyu mama amesema kesho. Kwa hivyo nitarudi. Na nitakuambia kitu unajua tayari. Mtu akifungia ng'ombe kisima, zamu si yake tena."

"Najua."

"Atafungua mwingine. Yule wa kule chini, aliyenyamazisha wimbo."

"Huqa. Sawa."

"Na jina la baba yako." Umuro alivaa kiatu. "Hiyo usiite tena pale kisimani. Kwa mgeni, kwa mtoto, kwa mtu yeyote. Ukiita, mimi nitasikia hata nikiwa Sericho, na kisima itafungwa tena, na saa hiyo hakuna mtu atakubali kuifungua. Umekubali?"

Nakuam alikuwa amesikia sauti bila kuelewa maneno, lakini alimwona yule mtu wa shati la kaki akishika magoti kwa mikono miwili. Alidhani anaumwa, akamletea maji kwenye kopo.

"Nimekubali," Jattani alisema.

Siku iliyofuata, saa nne kasorobo, ng'ombe wa Umuro walifika getini. Gaceri aliwahesabu kwa macho, akaangalia mabasi matatu yaliyokwisha egeshwa, akaangalia wageni waliokuwa tayari wakikimbilia seng'enge na kamera. Hakuwa mjinga. "Kundi moja kwa siku," alisema. "Asubuhi, wageni wakiwa hapa. Na mtu apange nani anakuja siku gani, nisione watu wakipigana." Kisha akatoa ufunguo.

"Nani anafungua kisima?" Umuro aliuliza kwa Kiborana, akiwa amesimama ndani ya geti.

Jattani alikuwa karibu na jiwe kuliko mtu yeyote. Alirudi nyuma hatua tatu. Huqa akainuka ukingoni alipokuwa ameketi, akaliwekea kiganja jiwe lile bila kulikalia, akasema maneno. Yalikuwa machache. Hakuna aliyemtazama Jattani, na afadhali wangemtazama.

Halafu maji yakaja. Ndoo ziliruka kutoka mkono hadi mkono kwa kasi ambayo misimu mitano haikuwahi kuiona, na wale wanne waliimba kwa ukali, kama watu wanaodai kitu chao. Ng'ombe waliingiza pua kwenye birika hadi machoni. Wageni hawakupiga makofi, walisahau. Mama mmoja alikuwa analia waziwazi. Gaceri alisimama mikono kiunoni, uso umemlainika, na aliposogea karibu na Jattani alisema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo tulikuwa tunataka miaka yote. Mwaka ujao jina lako iko. Waelezee sasa. Ile ya baba yako."

Jattani aliinua kipaza sauti. Kule chini wimbo ulipungua, si kukoma, ila kupungua kiasi cha mtu kusikia. Umuro alikuwa amemgeuzia mgongo, mkono wake shingoni mwa yule ndama.

"Zamani," Jattani alisema, "palikuwa na mtu hapa. Aliketi kwenye jiwe hilo. Yeye ndiye alikuwa akipanga zamu."

Alieleza yote: fimbo, sheria, zamu ya mgeni siku anayofika, ndama na wagonjwa wanaotangulia. Alieleza vizuri kuliko siku zote, kwa maana hakuwa na mahali pa kujificha. Msichana mmoja wa shule, daftari mkononi, aliinua mkono.

"Huyo mzee aliitwa nani?"

"Jina lake halitajwi."

"Aliacha mtoto?"

Ng'ombe walikuwa wakinywa. Gaceri alikuwa akimtolea macho, akimhimiza kwa kichwa, sema basi, sema. Jattani alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, ili hata walio chini kabisa wasije wakasema hawakusikia.

"Hapana," alisema. "Hakuacha mtoto."

Msichana aliandika. Kutoka kisimani hakuna aliyembishia.